Mitetea Waliochelewa Kutaga

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa vigumu kuona lupango, yaani kiwanja cha nyumba, katika mji wa Likasi, Katanga, kule Kongo, lisilokuwa na kuku. Kuanzia Kikula hadi Panda, nyuma ya kila nyumba palikuwa na kibanda cha matofali ya udongo au cha mabati ya kuokota, na alfajiri majogoo waliitikiana mtaa kwa mtaa.

Zamani haikuwa hivyo. Mji wetu ulijengwa na shaba. Wazee waliuita Jadotville mpaka 1966, na aliyefanya kazi katika kampuni ya migodi ya Union Minière alipewa nyumba ya kambi, hospitali, shule ya watoto na posho ya unga na vyakula vingine. Kampuni ilipotaifishwa 1967 na hatimaye kuitwa Gécamines, utaratibu huo uliendelea. Mama wa kambini alifuga kuku kwa ajili ya mgeni au sikukuu, hakuwategemea. Kisha mambo yakaharibika. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufikisha hata tani 40,000. Mwaka 2003, kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, kila mmoja na fedha zake za mkupuo mmoja. Wengi walinunua cherehani, baiskeli, magunia ya mahindi. Na wengi walinunua kuku.

Papa hakuwa mfanyakazi wa Gécamines. Alikuwa fundi wa kuchomelea katika karakana ndogo iliyoishi kwa kazi za viwandani, na viwanda viliponyamaza karakana nayo ikafungwa. Mama ndiye aliyesema tufuge kuku wa mayai. Alikuwa amepiga hesabu zake: nyama inauzwa mara moja, yai linauzwa kila siku, na shule hufunguliwa mwezi wa tisa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba posho ya walimu, na mtoto ambaye hakulipiwa alirudishwa nyumbani. Kuku walinunuliwa kwa ajili ya mwezi huo wa tisa.

Vifaranga walifika Januari 2004, kutoka Zambia, ndani ya maboksi ya karatasi ngumu yenye matundu. Walivuka mpaka Kasumbalesa, wakapita Lubumbashi, wakapandishwa gari tena kwa kilomita kama 120 mpaka kwetu. Jirani yetu wa upande wa mwembe alichukua nusu ya boksi, Mama nusu. Muuzaji aliwaambia wote wawili: miezi mitano, mama zangu, mnakula mayai.

Papa aliwajengea kibanda imara kuliko nyumba nyingi za mtaa. Aliweka mlango wa chuma aliouchomelea mwenyewe na paa la mabati lililokandamizwa kwa mawe. Dirisha hakuweka. Usiku wa Likasi wa miaka ile ulikuwa wa wezi, na mwizi wa kuku hahitaji zaidi ya tundu la kupitisha mkono. Kwa sababu hiyohiyo tuliwafungia mapema, saa kumi jioni, kabla Mama hajaenda kuuza mboga barabarani. Asubuhi tuliwafungulia saa mbili, jua likishapasha ua joto. Kazi ya kufungua na kufunga ilikuwa yangu, pamoja na kufagia na kumwaga maji.

Walikua vizuri machoni petu. Manyoya mekundu yalifunga mwili, sauti zikabadilika, wakaanza kupimana nguvu kwenye chombo cha chakula. Mwezi wa tano ukapita. Mwezi wa sita ukaingia na baridi yake ya kiangazi, ile ya Katanga ambayo watu wa pwani wakiisikia hawaamini: tupo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Papa alitengeneza viota kwa kreti za mbao na kuweka majani makavu. Kila asubuhi nilipitisha mkono kwenye majani hayo, na kila asubuhi palikuwa pakavu na baridi.

Mtaa ulianza kutoa sababu zake. Mmoja alisema hawatagi kwa kuwa hatuna jogoo, ilhali kuku hutaga bila jogoo. Jogoo ni wa kurutubisha yai, si wa kulileta. Mwingine alisema kuku wa Zambia ni wa nyama tu, tumeuziwa vibaya. Wengine walishusha sauti wakasema kuna mtu kalifunga lupango letu kwa uchawi. Mama yeyote wa Likasi aliyepitia miaka ile aliyajua maneno hayo. Mishahara ilipochelewa watu walitafuta mtu wa kulaumu, mtoto alipougua walitafuta mtu, na sasa mayai. Nilimwona Mama akinyamaza zaidi kila wiki, kwa kuwa pumba zilikuwa zikinunuliwa kwa pesa ya mboga.

Wanunuzi wa nyama waliijua hali hiyo. Walikuja na mizani ya kuning'iniza wakipita lupango hadi lupango, wakinunulia akina mama wa malewa, wale wanaopika bukari (ugali) na kitoweo kandokando ya soko. Hoja yao ilikuwa rahisi: kuku asiyetaga anakula mtaji wako. Jirani wa upande wa mwembe alikubali katika wiki ya pili ya Julai. Wiki hiyohiyo mgodi wa Shinkolobwe, ambako vijana wengi wa kwetu walikwenda kuchimba kwa mikono, uliporomoka na kuua watu. Kila mama aliyekuwa na mtoto wa kiume alitaka pesa haraka ili mtoto asiende shimoni. Sijawahi kumlaumu jirani yetu kwa kuuza.

Alimpa Mama kuku mmoja katika wale waliochinjwa, kama shukrani ya ujirani. Mama alipompasua aliniita. Karibu na mgongo, upande wa kushoto, palikuwa na kishada cha viini. Vingi vilikuwa vidogo mno, kiasi cha punje ya mtama, vya rangi ya maziwa. Lakini kadhaa vilikuwa vimeanza kugeuka njano, na kimoja kilikuwa kimefikia ukubwa wa karanga iliyomenywa. Mama alikishika kishada kile katika kiganja kilicholowa na kukitazama kwa muda mrefu. Kisha akanawa mikono, akajifunga kitenge, akaenda kumwita mzee mmoja aliyewahi kuwa msaidizi wa daktari wa mifugo enzi za mashamba ya wazungu.

Mzee alikuja jioni ile. Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa na kuomba aletewe kuku. Nilimkamatia mmoja. Alimlaza kifua juu ya kiganja cha kushoto, miguu imebanwa katikati ya vidole, kichwa kikielekea kwapani mwake, na kuku akatulia palepale. Kwa mkono wa kulia alitafuta mifupa miwili myembamba iliyo chini ya mkia, kulia na kushoto kwa mlango wa yai.

"Weka kidole hapa, mtoto wangu."

Mifupa ilikuwa migumu, imekaribiana. Kidole kimoja kilipita kwa shida.

"Kuku anayetaga, hapa panaingia vidole viwili, hata vitatu, na mifupa yenyewe inalegea." Akapapasa kidari: kilikuwa kimechongoka, nyama haikujaa pande zote mbili. Akafunua manyoya ya chini ya mkia, tukaona chawa wakikimbia. Akatazama kilemba: kidogo, kikavu, cha rangi iliyofifia. "Hawa hawajachelewa, mama. Hawajafika. Unawafungulia saa ngapi?"

"Saa mbili, papa."

"Na kufunga?"

"Saa kumi. Wezi, papa."

Mzee aliingia ndani ya kibanda, akatuomba tufunge mlango. Tulimsikia akicheka kwa upole gizani. Alipotoka alitueleza jambo ambalo sijalisahau. Kuku husoma majira kwa urefu wa mchana. Mwanga haupiti machoni tu, hupenya fuvu mpaka ubongoni, na kutoka huko ubongo hutuma ujumbe kwenye kishada kile cha viini kuviambia vikue. Mchana unaorefuka huwaharakisha mitetea. Mchana unaofupika huwachelewesha. Sasa hesabu, akasema. Vifaranga wetu walizaliwa Januari, siku zikiwa ndefu, na tangu hapo mpaka Juni kila wiki ya maisha yao ilikuwa na mwanga pungufu kuliko iliyotangulia. Likasi ipo kwenye nyuzi 11 hivi kusini mwa ikweta. Kati ya mchana mrefu wa Desemba na ule mfupi wa Juni pana tofauti ya saa moja na robo hivi. Kwa kuku waliolala nje juu ya mti hilo lingekuwa jambo dogo. Kwetu kibanda kisicho na dirisha kiliongeza giza la saa nyingine tatu, nne. Wanyama wale walikuwa wakiishi mchana wa saa nane.

Mama aliuliza juu ya taa. Alikuwa amesikia kwamba mashamba makubwa huwasha taa mpaka mwanga ufike saa 14 au 16 kwa siku. Mzee alikubali kwamba ni kweli, lakini akamkataza. Mitambo ya umeme ya Mwadingusha, iliyoanza 1930, na ya Koni, ya 1950, ipo jirani yetu kwenye mto Lufira, lakini umeme mtaani ulikatika bila ratiba. Taa inayowaka wiki moja na kuzimika wiki inayofuata ni hasara zaidi ya kukosa taa, kwa sababu mchana unapofupika ghafla, hata kuku aliyekwisha kuanza huacha kutaga na kupukutisha manyoya. Afadhali jua, alisema, maana tangu Juni 21 limekwisha kugeuka na siku zinarefuka. Kazi yenu ni kuliruhusu liingie.

Papa alikata ukuta wa mashariki na wa magharibi kesho yake, akaweka nondo na wavu wa waya mnene, akauchomelea kwenye fremu ya chuma. Mkono wa mwizi haukuweza kupita, mwanga uliweza. Nami nilianza kufungua mlango wakati jua linapochomoza, saa kumi na mbili na nusu, na kufunga giza linapoingia. Jioni mmoja wetu alikaa uani na kitabu cha shule mpaka kuku wapande vichanja vyao wenyewe.

Mwanga ulikuwa nusu ya habari. Nusu ya pili ilikuwa ndani ya chombo cha chakula. Tulikuwa tukiwapa pumba za mahindi, makombo ya bukari, na punje za mahindi tulipokuwa nazo. Walishiba, lakini kushiba na kujengeka si jambo moja. Mahindi yana protini isiyofika sehemu 10 kwa mia, na mtetea anayejiandaa kutaga anahitaji 16 hadi 18. Yai moja hubeba gramu sita hivi za protini, na ganda lake gramu mbili hivi za kalisi. Kiini kinahitaji siku kama kumi za kukua kwa kasi kabla ya kuachiliwa. Baada ya hapo yai lote hukamilika kwa saa 24 hadi 26, na nyingi ya saa hizo, kama 20, huenda kwenye ganda. Mwili unaokosa vitu hivyo hauanzi. Huo si ukaidi wa kuku. Akianza bila akiba, mayai yatadhoofisha mifupa yake mwenyewe kwa kuivuta kalisi.

Mzee alimpangia Mama chakula kwa vitu vilivyokuwepo sokoni. Mahindi yaliyoparazwa na pumba vilibaki, lakini viliongezewa soya iliyokaangwa na kusagwa. Alisisitiza kukaanga, kwa sababu soya mbichi huzuia tumbo kuvunja protini. Viliongezewa vichwa vya samaki wa ziwa Tshangalele, lile lililofanyika Lufira ilipozuiwa ili mitambo ya Mwadingusha izunguke. Wauza samaki walivitupa au kuviuza kwa bei ndogo. Tulivikausha juu ya paa na kuvitwanga. Aliongeza lengalenga (mchicha) kwa wingi, kwa kuwa mahindi yetu meupe hayana vitamini A, na chumvi kidogo sana. Kwa watoto wa lupango alitoa kazi ya peke yake: mchwa. Katanga ina vichuguu vinavyopita nyumba kwa urefu, na kila alasiri tulivunja kipande cha kichuguu nyuma ya njia ya reli, tukakibeba kwenye beseni na kukimwaga uani. Kuku waliokuwa wakizubaa walikuja mbio.

Kalisi ilitoka Kakontwe, pembeni mwa mji wetu, ambako mawe ya chokaa yalichimbwa tangu enzi za Union Minière. Tuliokota vipande, si chokaa ya kuchomwa ambayo huunguza koo, tukavigonga kwa nyundo mpaka vikawa kama mchele. Mzee alitufundisha kuviweka kwenye kopo peke yake na kutovichanganya na chakula. Kalisi nyingi kabla ya wakati huharibu figo za mtetea. Ikiwa pembeni, kila kuku huchukua anapoanza kuihitaji. Nilipenda sana kutazama jambo hilo. Kwa wiki kadhaa kopo lilikaa bila kuguswa. Kisha mmoja akalidonoa, halafu wawili, na ndipo nilipojua ndani ya nani kuna ganda linalojengwa.

Chawa tuliwaondoa kwa majivu makavu yaliyomwagwa shimoni wapate kujioga, na viota na vichanja vilipigwa chokaa. Kuku walipewa dawa ya minyoo kutoka duka la mifugo la Lubumbashi. Maji, ambayo nilikuwa nikiweka asubuhi tu, nilianza kubadilisha mara mbili, kwa sababu kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa anachokula, na akikosa maji hali.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane vilemba vilianza kujaa damu. Kutoka rangi iliyofifia vilienda kwenye wekundu wa pilipili, vikalegea na kulala upande. Kuku waliokuwa wakinikimbia walianza kuchuchumaa nilipopitisha mkono juu ya migongo yao, mabawa yamefunguka kidogo. Mzee alikuwa ametuambia: ukiona hivyo, hesabu wiki moja au mbili. Nilipima mifupa ya chini ya mkia jioni baada ya jioni. Kidole kimoja. Kidole na nusu. Viwili.

Yai la kwanza lilikuwa dogo, la kahawia, na mstari mwembamba wa damu juu ya ganda. Mama hakulipika wala kuliuza. Alilizungusha kwa kila mtu wa nyumba alishike, na Papa, ambaye hakuwa amecheka siku nyingi, alilishika kwa vidole vyake vyenye makovu ya moto akasema, "Lina joto." Siku zilizofuata yalikuja ya kila namna: moja bila ganda gumu, moja lenye viini viwili, na fungu zima lililofichwa kwenye bustani ya lengalenga na mtetea ambaye tulidhani hajaanza. Mpaka shule zinafunguliwa, wengi wao walikuwa wakitaga. Mdogo wangu aliuza ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili karibu na stesheni; mabichi yalinunuliwa langoni, moja moja, na watu wasioweza kununua zaidi ya moja. Tulilipiwa shule sote.

Jirani wa upande wa mwembe alikuja siku moja na kusimama mbele ya viota. Kuku wake na wetu walitoka boksi moja. Mama hakumwambia neno la kumsuta. Alimkamatia kuku, akachukua mkono wa jirani, akaweka vidole vyake palepale mzee alipoweka changu. Mwaka uliofuata jirani alifuga tena, na safari hii alinunua vifaranga mwezi wa saba, ili wakue siku zinaporefuka. Akina mama wengine wakaja, kutoka Kikula na hata Shituru. Mama aliwauliza wote maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na aliwafundisha pia tofauti ya jamii: kuku wa mayai huanza kwenye wiki ya 18 hadi 22 akitunzwa, wa kienyeji huchukua miezi sita, saba, hata nane, na hiyo ndiyo kawaida yake, hana ugonjwa wala laana.

Nimeishi miji mingine tangu hapo, na nimekutana na watu wenye haraka ileile na hasira ileile juu ya kuku wachanga. Nawaelewa, kwa kuwa nilikulia katika mji uliosubiri mishahara na haukupewa sababu. Mtu aliyesubiri hivyo huzoea kuamini kwamba ucheleweshaji wote hauna maelezo, au kwamba maelezo yake ni adui aliyejificha. Mama alitutoa katika imani hiyo. Alituonyesha kwamba upo ucheleweshaji unaoweza kupimwa kwa kidole, ukarekebishwa kwa dirisha na vichwa vya samaki, na hakuna mtu wa kushutumiwa.

Kwa hiyo ukiniambia kwamba mitetea wako hawajataga, nitakuuliza kama alivyouliza yeye. Walizaliwa mwezi gani? Wanaona jua saa ngapi kwa siku? Wanakula nini zaidi ya pumba? Wanakunywa maji ya lini? Umefunua manyoya, umepapasa kidari, umepima mifupa? Kabla hujanijibu yote hayo, mnunuzi mwenye mizani akibisha langoni, mwambie arudi mwezi ujao.